Nguzo ya Kona

Kona ya kusini ya shamba letu imewahi kuanguka mara mbili. Mara ya kwanza nililaumu mvua. Mara ya pili nilimlaumu baba mdogo, tena si kimoyomoyo. Nilisimama kwa balozi wa nyumba kumi, watu wamekaa kwenye mabenchi, nikasema kuna mtu anasukuma nguzo yangu usiku, na kwamba mtu huyo hatoki mbali. Sikutaja jina. Halikuhitajika. Ng'ambo ya kona ile kuna shamba la mtu mmoja tu.

Najua hapa tumezoea kuzungumza vitabu. Leo nivumilieni nizungumze nguzo, waya na mtaimbo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba neno likishatoka mdomoni ni la msikilizaji. Nilikuwa nawafundisha kitu ambacho sikukijua.

Kwa wasioijua Machame, wengi wetu tuna mashamba mawili. Juu mlimani kuna kihamba: nyumba, migomba, kahawa, banda la ng'ombe na makaburi ya wazee, vyote vimebanana mahali pamoja. Chini, ukishavuka barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, kuna shamba la mahindi na maharage. Huko ni tambarare, jua kali, na hakuna anayelala. Unaweza kukaa wiki tatu hujafika. Na mahindi yakishavunwa kazi bado, maana mabua hupandishwa mlimani. Ng'ombe wa kihambani hafunguliwi, analia bandani mwaka mzima. Kwa hiyo mifugo ya watu ikiingia shambani mwezi wa nane haili takataka. Inakula chakula cha ng'ombe wa mama yangu.

Zamani mpaka wa shamba hilo ulikuwa mimea. Pande tatu zilikuwa na mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani usio na majani ya maana, ambao utomvu wake ukikuingia jichoni unaweza kukupofusha. Mbuzi wenyewe wanaupita mbali. Wamaasai wanauita emanyara, wanazungushia maboma yao, na ndiko lilikotoka jina la Ziwa Manyara. Kwenye kona yalipandwa masale. Isale kwa Mchaga si mmea wa mpaka tu. Hupandwa makaburini. Na ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayalitoshi, unampelekea jani la isale, naye akiliona mkononi mwako anajua umekuja kufanya nini.

Babu aligawa shamba la chini kwa wanawe wawili kwa hatua, akitembea mbele na wao nyuma. Baba na baba mdogo hawakuwahi kubishana kwamba kona ni isale. Walibishania isale lipi. Maana palikuwa na mawili, yameachana kama hatua moja na nusu, na kila mmoja alisema lile la upande wa mwenzake ni la kupachika. Hatua moja na nusu! Ukipanda mahindi hapo hupati debe. Lakini waliacha kusalimiana vizuri kwa sababu yake, wakawa wanasalimiana kwa ajili ya watoto, na baba akafariki mambo yakiwa hivyo hivyo.

Mwaka 2018 niliurithi uzio pamoja na ugomvi wake. Nikafanya alichofanya kila mtu aliyepata hela kidogo: nikang'oa mnyaa, nikafyeka masale, nikaweka seng'enge, nyaya tano kuzunguka shamba zima. Nguzo ya kona niliisimika pale pale baba aliposema, kwenye isale la upande wa kule. Baba mdogo alikuja, akasimama na mikono nyuma, akatazama, akaondoka. Hakusema kitu.

* * *

Hati ya ubunifu ya waya wa miba iliyoshinda nyingine zote alipewa Joseph Glidden, mkulima wa DeKalb, jimbo la Illinois, Marekani, mwaka 1874. Ubunifu wenyewe ulikuwa mwiba, na namna ya kuufunga usiteleze kwenye waya. Tangu hapo mtu akisikia seng'enge anafikiria miba. Mimi pia. Nilinunua waya wa bei, nikachagua wenye miba iliyokaribiana, nikajisifu. Kona sikuifikiria. Kona ilikuwa nguzo kama nguzo nyingine, ila nene kidogo.

Kumbe kazi yote iko pale. Nguzo za katikati hazibebi mzigo mkubwa, kazi yao ni kuzishika nyaya zisilale chini na zisisogeleane. Waya uliokazwa vizuri unavuta kama uzito wa mtu mzima, wakati mwingine zaidi. Una nyaya tano, basi watu watano wamening'inia kwenye nguzo moja, mchana na usiku, masika na kiangazi, hawapumziki. Na kona ina pande mbili. Watano wanavuta huku, watano wanavuta kule, na nguzo haiendi upande wowote kati ya hizo mbili. Inaelekea katikati, kwa mshazari, ndani ya shamba lako mwenyewe.

Kona yangu ya kwanza niliiwekea tegemeo la mti uliolala, kama mtu anavyoegemeza ngazi. Umeshaona kila mahali: nguzo imesimama, na mti mwingine umeinamishwa, kichwa kwenye nguzo, mguu ardhini. Si jambo baya. Ubaya ni kwamba mti niliokuwa nao ulikuwa mfupi, nikauweka umesimama sana, mguu wake mita moja tu kutoka kwenye nguzo. Tegemeo lililosimama hivyo halisukumi tu kwa upande, linasukuma na kwenda juu. Waya unapoivuta nguzo, nguzo inapanda mgongoni mwa tegemeo, inajing'oa yenyewe kidogo kidogo. Udongo wetu pale chini ni ule mweusi wa mfinyanzi, kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa, masika unavimba na kulainika. Masika ya 2019 yalipoisha nguzo ilikuwa imelala.

Mvua, nikasema. Nikaleta saruji.

Mara ya pili nilijifunza kwenye simu. Niliona picha ya kona wanayojenga wenzetu wenye mashamba makubwa: nguzo mbili zimesimama, gogo limelazwa kati yake karibu na juu, kama herufi H, halafu waya unapita kwa mshazari kutoka nguzo hii hadi ile, umesokotwa kwa kijiti. Nikapenda. Nikajenga mbili, moja kila upande wa kona, nikamwaga zege kwenye mashimo. Waya wa mshazari niliufunga kutoka juu ya nguzo ya kona kwenda chini ya nguzo ya pili. Akilini mwangu ilikuwa wazi: nguzo ya kona ndiyo inayoanguka, basi ifungwe kichwani, ishikwe na mguu wa mwenzake.

Wiki chache baadaye nikaukuta ule waya umelegea. Nikausokota. Nikarudi, umelegea tena. Nikausokota tena. Mwezi wa tano mwaka 2020, baada ya mvua ambazo kila mtu anazikumbuka, nikafika nikakuta nguzo ya kona imeinama kuelekea ndani, na zege lake limenyanyuka nalo kama jino na mzizi wake. Nyuma ya nguzo, upande wa baba mdogo, palikuwa na ufa unaoingiza ngumi. Imeelekea ndani, nikajiambia, kwa hiyo imesukumwa kutoka nje. Nje kuna nani?

Jumapili iliyofuata nikaenda kwa balozi.

* * *

Aliyenifungua macho ni fundi wa kenchi. Alikuja kihambani kuezeka banda la kuku, na wakati anasubiri misumari nikamsimulia habari za nguzo, nikitegemea anionee huruma. Akaniuliza swali moja tu: waya wa mshazari umetoka wapi kwenda wapi? Nikamweleza. Akaguna.

Akachukua vipande vinne vya papi, akavipigilia kuwa mraba, msumari mmoja kila pembe. Akausukuma kwa kidole, mraba ukalala upande. "Hivi ndivyo paa lingekuwa kama hakuna pembetatu," akasema. Halafu akafunga kamba kutoka pembe moja kwenda pembe ya pili, kwa mshazari, akanipa. "Sukuma kwenda kulia." Kamba ikakaza, mraba ukagoma. "Sasa kushoto." Kamba ikalegea kama mlenda, mraba ukalala tena.

"Mwalimu," akasema, "kamba haisukumi. Kamba inavuta tu. Lazima ujue inavuta nani."

Nilikaa chini. Ilinichukua dakika kadhaa, na yeye hakunisaidia, aliendelea kunywa chai. Nyaya za uzio zinaivuta nguzo ya kona kuelekea nguzo ya pili. Kichwa cha nguzo ya kona kikienda upande ule, kinaukaribia mguu wa nguzo ya pili. Vitu viwili vikikaribiana, waya uliovifunga unalegea. Kwa hiyo waya wangu haukuwa unafanya kazi yoyote. Si hivyo tu. Kila nilipokwenda kuusokota nilikuwa nakivuta kichwa cha kona kwenda chini, upande ule ule nyaya zilikokuwa zikikivuta. Nilikuwa namsaidia adui, na adui ni uzio wangu.

Waya unatakiwa uende kinyume: kutoka chini ya nguzo ya kona, karibu na ardhi, hadi juu ya nguzo ya pili. Nyaya zinaivuta kona, kona inalisukuma gogo lililolala, gogo linakisukuma kichwa cha nguzo ya pili, kichwa hicho kinataka kwenda zake, lakini waya wa mshazari umekikamata na kukirudisha kwenye mguu wa kona. Kadiri uzio unavyovuta ndivyo waya unavyokaza. Mzigo unazunguka na kujifunga wenyewe.

Siku ya pili tulishuka naye shambani, maana nilikuwa bado na swali langu moja, lile nisilotaka kuliuliza. Sikuhitaji. Akazunguka kona, akachuchumaa nyuma ya nguzo kwenye ule ufa, akaniita. Ndani ya ufa kulikuwa na nyasi zimeota, urefu wa kidole. "Hii haikuanguka usiku mmoja," akasema. "Nyasi zimepata muda wa kuota humu." Akaonyesha H zote mbili. Zilikuwa zimelala kila moja kwa mstari wake, nguzo na mwenzake kwa kipimo kimoja, kama migomba baada ya upepo. "Mtu akisukuma, anasukuma upande mmoja. Hii imevutwa pande mbili kwa wakati mmoja." Halafu akasema sentensi ambayo kwake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia mvua inatoka juu: "Kona zote huangukia ndani, mwalimu. Sijawahi kuona iliyoangukia nje."

Nilitazama ng'ambo. Mahindi ya baba mdogo yalikuwa yamesimama vizuri, yamepaliliwa, na hapakuwa na hata alama ya mguu karibu na uzio.

* * *

Nilitaka kumpigia simu. Mama akakataa. "Maneno umeyasema mbele za watu," akasema, "halafu unayarudisha kwa simu?" Akatoka nje, akaenda kwenye kaburi la baba, akakata jani la isale, akalifunga fundo, akanipa. Hakunielekeza la kusema.

Kihamba cha baba mdogo kiko dakika kumi kutoka kwetu kwa miguu. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba." Hakunikaribisha kiti. Akaliona jani. Akaendelea kuchambua maharage, moja moja, mpaka nikadhani hatasema kitu.

"Baba yako hakuwahi kuniletea hili," akasema.

"Najua."

"Na mimi sikumpelekea."

Nikamwambia nguzo imeanguka yenyewe. Nikajaribu kumweleza habari za waya na mshazari, nikachora ardhini kwa kijiti, nikachora vibaya, nikafuta, nikachora tena. Akanisikiliza. Mwisho akajishika kiuno. "Kwa hiyo ulifikiri nimeisukuma kwa mgongo huu?" Mkewe, ambaye alikuwa jikoni akisikiliza yote, akacheka kwa nguvu, na hapo nikapewa kiti.

Alilipokea jani. Akalichomeka kwenye boriti juu ya mlango. Akaniuliza: "Hiyo kona unaijenga lini?"

* * *

Tuliijenga mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimeanza lakini udongo haujawa chuma. Tulikuwa wanne: mimi, fundi, kijana mmoja wa kibarua, na baba mdogo, aliyekuja na mtaimbo wake mwenyewe, mzito, ncha yake imelika kwa miaka.

Nilitaka kutumia shimo la zamani. Fundi akakataa. Udongo uliokwisha kuchimbwa haushiki kama ule ambao haujaguswa, akasema, chimba pembeni. Pembeni upande gani? Kwenda nje ni kwa baba mdogo. Kwa hiyo tukaingia ndani, kama hatua moja kasoro, kuelekea kwetu. Mimi ndiye niliyepima, na nakiri niliuma meno.

Kijana alipofika chini kama futi moja na nusu mtaimbo ukagota kitu ambacho si jiwe. Tukachimbua taratibu. Kilikuwa kisiki cha isale, kizee, kimeoza katikati, kinene kuliko paja. Mizizi yake mingine ilikuwa imekufa. Baba mdogo akashuka shimoni na mgongo wake ule ule, akakishika.

Isale ni rahisi kushika. Kipande kikiangukia udongo wenye unyevu kinaota. Baba mdogo akakumbuka trekta la kukodi lililolima pale walipokuwa vijana, likapita mpaka kwenye kona kwa sababu dereva hakujua masale ni nini. Lilibomoa na kuburuta. Alivyodhani yeye, na sina cha kumpinga, ni kwamba kipande kimoja kiliburutwa upande wa kule na kingine upande wa huku, vyote vikaota, na kila ndugu akaliona la mwenzake kuwa ndilo la kupachika. La babu lilikuwa katikati, chini ya udongo, siku zote.

Hakuna aliyesema neno la busara. Baba mdogo alisema "Aisee," akatoka shimoni, akaenda kukojoa mbali kidogo, akakaa huko muda mrefu kuliko haja.

Tukaendelea na kazi. Nitaieleza kama tulivyoifanya, huenda mmoja wenu ana shamba.

Nguzo ya kona ni mkaratusi uliotiwa dawa, unene kama inchi saba, urefu futi nane. Mita moja imezama, iliyobaki iko juu. Hatukuweka zege. Mti ulioko ndani ya zege hukaa na maji miguuni, na tulishaona zege linavyonyanyuka. Udongo ulirudishwa kidogo kidogo, kina cha kiganja, halafu unashindiliwa kwa kitako cha mtaimbo mpaka unalia kama sakafu, ndipo unaweka tabaka jingine. Hapo ndipo wengi wanapodanganya, maana inachosha. Wanajaza shimo lote kisha wanakanyaga juu. Ukishindilia sawasawa, udongo uliotoka unarudi karibu wote, ingawa nguzo imeshachukua nafasi yake.

Nguzo ya pili ilisimama mita 2 na nusu kutoka ya kwanza, kwenye mstari wa uzio, na nyingine hivyo hivyo upande wa pili, maana kila mstari unataka H yake. Umbali huu ndio uliobishaniwa zaidi. Kijana aliona ni mrefu bure, tungeokoa mti. Fundi akamwambia gogo la kulala liwe angalau mara mbili ya kimo lilipofungwa. Ukilikata nusu, nguvu inayoivuta nguzo ya kona kwenda juu inakuwa mara mbili. Ni kosa lile lile la tegemeo langu la kwanza, limevaa nguo nyingine.

Gogo lilikaa karibu na juu, usawa wa waya wa nne na wa tano. Hatukulipigilia misumari ya kubabaisha. Fundi alitoboa kwa keekee, akapitisha kipande cha nondo kila upande, nusu ndani ya gogo na nusu ndani ya nguzo, likakaa kama mfupa kwenye kiungo. Kisha waya wa mshazari, usio na miba, ule mnene. Chini ya nguzo ya kona, kiganja kimoja kutoka ardhini. Juu ya nguzo ya pili, nyuma yake, usawa wa gogo. Mizunguko miwili. Niliufunga mwenyewe na nikausoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: chini ya kona, juu ya mwenzake. Chini ya kona, juu ya mwenzake. Baba mdogo akaniuliza kama nafundisha.

Halafu kijiti. Unakiingiza katikati ya nyaya na kuzungusha, nazo zinajisokota, zinakaza. Unasikiliza. Waya ukianza kutoa sauti ukiugonga, inatosha. Ukizidisha unakatika na unaweza kukupasua uso. Kijiti hakitolewi. Unakiegemeza kwenye gogo, kinabaki hapo kwa ajili ya mwaka kesho, maana mti unakauka, udongo unatulia, na waya utalegea tu.

Ndipo tukavuta seng'enge. Siyo kabla. Nilipoukaza waya wa kwanza niliweka mkono kwenye mshazari, nikausikia unakaza chini ya kiganja changu. Wa pili, ukakaza zaidi. Kwenye kona ile ya zamani waya huu ulikuwa unalegea kila nilipokaza, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Kabla ya kuondoka fundi alichukua rangi nyeupe akachora mstari kwenye nguzo ya kona pale inapoingia ardhini. Nguzo ikipanda, mstari utapanda nao. "Usimuulize mtu," akasema. "Angalia mstari."

Baba mdogo alibaki nyuma. Alikata machipukizi kutoka kwenye masale yote mawili, la huku na la kule, akayachomeka kuizunguka nguzo, akayamwagia maji yaliyobaki kwenye dumu.

* * *

Jambo moja sijalimaliza. Yale niliyoyasema kwa balozi, niliyasema mbele ya watu kama ishirini. Nilirudi pale Jumapili nyingine, nikasema nilikosea, nikaeleza kwa nini. Baadhi yao hawakuwepo siku hiyo. Najua kuna watu mpaka leo, wakimwona baba mdogo akishuka kwenda shambani na mtaimbo begani, wanatazamana. Nimejenga kona inayoweza kushikilia watu kumi wanaovuta. Hilo nimeshindwa kulijengea chochote.

Mvua zimepita, kiangazi kimepita, zaidi ya mara moja. Masale yamefika kiunoni, na ukitaka kuuona ule mstari mweupe inabidi uyasogeze kwa mkono. Uko usawa wa udongo.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa Dar es Salaam kusahihisha mitihani. Jioni simu ikaingia ujumbe kutoka kwa baba mdogo, ambaye huandika kwa herufi kubwa tupu na hajui nukta:

WAYA WA UPANDE WANGU ULIKUWA UMELEGEA NIMEZUNGUSHA NUSU UKIRUDI ANGALIA WA UPANDE WAKO